Diski Nne za Kilima cha Katobo

Lushebere, tarehe 4 Machi

Kaka Isidore,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba: maneno haya yabaki kwako. Usimsomee mke wako, usimsomee mteja unayemwamini, na ukishamaliza itie barua hii kwenye makaa ya mbabula uipikie chai. Humu kuna majina ya watu na mahali walipokimbilia, na kuna mtu anayewalipa vijana ili ayajue. Siwezi kupiga simu. Mnara wa mtandao umezimwa, na kwenye barieri za barabarani wanafungua simu za watu, wanasoma mpaka salamu za Noeli.

Nakuandikia juu ya ile seva uliyotufungia kwenye ofisi yetu ya mipaka ya mashamba, hapo Masisi, kabla hujaenda kutafuta maisha Hombo. Unakumbuka tulichokuwa tunaweka ndani: sauti. Mwenye shamba anatembea mpaka wake pamoja na majirani wa kila upande, anagusa miyenzi, ile miti ya mpaka, mmoja baada ya mwingine, anasema hapa ni kwangu, ng'ambo ni kwa fulani, na jirani anaitikia. Mimi natembea nyuma yao nikiwa na kinasa sauti, nikirudi ofisini naingiza yote kwenye seva na kukifuta kinasa kwa sababu nafasi yake ni ndogo. Upande wa chini wa kilima cha Katobo tuliumaliza kabla ya Noeli. Upande wa juu tuliumaliza Februari. Siku chache baadaye watu wote wa Katobo wakakimbilia kambini hapa Lushebere, na mwenye ng'ombe akazungushia kilima waya, akasema hapajawahi kulimwa. Tume ya mashamba itakaa mwisho wa Aprili. Hakuna mwenye karatasi ya serikali. Zile sauti ndizo karatasi zetu. Shamba la mama yangu liko upande wa juu, maharagwe na mihogo, basi ujue siandiki kama karani tu.

Sasa tatizo. Jumamosi risasi zilisikika karibu na soko. Papa Sebarenzi aliingia chumba cha nyuma akiwa amevaa makoti mawili, akaangalia seva (namshukuru Mungu jenereta ilikuwa imezimwa), akazivuta zile diski nne moja moja kama mtu anayetoa mikate kwenye tanuri. Moja akatia mfukoni mwake. Moja akampa Mama Nyiraneza wa kamati ya mipaka, aliyekuwa anaelekea kwa dada yake Kitshanga. Moja akampa Pasta Jean de Dieu, aliyekuwa na lori la kwenda Walikale. Ya nne akanipa mimi.

"Papa Mkurugenzi," nikamwambia, "hizi zikitengana hazisemi kitu."

"Falone, umeshakimbia vita na watoto?"

"Hapana, Papa."

"Basi nyamaza, ubebe. Watoto hawapitishwi wote njia moja."

Nikabeba. Wewe unamjua. Lakini kuna jambo unalolijua wewe, yeye na mimi tu: tangu Januari moja ya diski hizo ilikuwa inawaka taa nyekundu. Ulituambia tuibadilishe upesi. Mpya iliagizwa Goma, haikufika. Papa alipozivuta sikuona ni nani aliyepewa ile mgonjwa, na zote nne zinafanana. Alinikataza kuwaambia wengine. "Wakijua moja imekufa," alisema, "watasema ofisi imekufa."

Niambie la kufanya. Barua hii anakuletea Darius, motari wa pikipiki anayechukua mafuta ya mawese kwenu. Namwogopa kidogo kwa mwendo wake, lakini mdomo wake umefungwa. Diski yangu nimeizungushia kitenge, imo chini ya unga.

Wako katika wasiwasi,
Falone


Lushebere, tarehe 9 Machi

Mama Nyiraneza mpendwa,

Nakusalimu. Watu wa kambi wako salama, isipokuwa mvua inaingia kwenye mahema. Mama yangu anakusalimu, anauliza kama maharagwe ya Kitshanga yameshuka bei.

Nimesikia kwamba njia ya kwenu ina barieri mpya na kwamba wanapekua mpaka akina mama. Sikulala vizuri nikiwaza kile Papa Sebarenzi alichokupa. Nakuandikia ili moyo wako utulie. Fundi aliyetufungia ile mashine alitufundisha kwamba zile diski zinalindana. Moja ikipotea, nyingine tatu zinatosha kurudisha kila kitu, bila neno moja kupungua. Kwa hiyo, Mama, usife kwa ajili ya kipande cha chuma. Wakikubana, kiachie. Nimemwandikia Pasta Jean de Dieu maneno haya haya.

Uwe na amani. Uichane barua hii.

Mwanao,
Falone


Hombo, tarehe 10 Machi

Dada Falone,

Barua yako ilifika, inanuka mawese mpaka mutoto wangu alitaka kuilamba. Niliisoma mara mbili kisha nikaichoma. Niko muzima, ila nimechoka. Hapa Hombo niko natengeneza telefone za batu benye kuziangusha mu maji, na kuchapisha picha za mufu, kila siku picha za mufu. Kazi haikosekane.

Sasa ufungue masikio. Sauti moja haikae mu diski moja. Mashini inaikata vipande, inatia kimoja hapa, kimoja pale, na juu ya vile inatia hesabu ya vipande. Unajua mifuko mitatu ya maharagi iko kilo mia mbili pamoja. Mwizi anabeba mumoja. Unapima ile mibili inabakia, unatoa, unajua ule wa tatu ulikuwa na uzito gani. Njo vile mashini inafanya. Lakini mifuko mibili ikibebwa, utatoa nini mu nini?

Kwenu mufuko mumoja ulisha bebwa tangu Janvier. Unanielewa? Nne munasema, lakini zenye kutembea ni tatu, na zote tatu zinatakiwa. ZOTE. Hakuna ya kupoteza tena. Hata usimwambie muntu yeyote ile maneno ya "moja ikipotea si kitu", maana iko kweli kwa mashini muzima tu, na kwa mugonjwa iko sumu.

Na ile yenye taa nyekundu pia musiitupe. Diski ikikufa mara zingine haijakufa, imekasirika tu.

Mimi nilimwambia Papa Sebarenzi siku ya kwanza: hii haiko kopi. Muweke kopi ingine Goma, ao kwa masista, ao hata kwa shetani, lakini mbali na hii sanduku. Akanijibu: "Si ulisema zinalindana?" Nilichoka kumujibu.

Uzikusanye. Hapa niko na pano ya umeme wa jua na ordinatere, kompyuta ya zamani yenye nafasi. Usizitie tena mu unga, unga inaingia mu matundu. Kitenge iko sawa.

Kaka yako,
Isidore


Kitshanga, tarehe 15 Machi

Falone mutoto wangu,

Mungu asifiwe! Barua yako ilinikuta siku ile ile nilikuwa naanza safari ya kurudi kwenu. Nilikuwa nimefunga ile kitu ku kiuno chini ya vitenge viwili, natembea kama mama mwenye mimba ya mapacha. Dada yangu ananicheka: "Nyiraneza, ku miaka yako?"

Basi pale mbele ya daraja ya mbao, nikaona barieri. Bavijana banne, na mwanamuke moja wa kupekua. Nikakumbuka yale uliandika, kama moja ikipotea, tatu zinatosha. Nikasema, asante Yesu, kumbe yangu njo ile ya kupotea. Nikashuka ku maji kama muntu anaenda kujisaidia, nikafungua kitenge, nikaitupa. Ilizama vizuri, haikupiga hata kelele. Kisha nikapita barieri nikiimba.

Yule mwanamuke alinipekua mpaka mu nywele. Akaniuliza, "Mama, unafurahi nini?" Nikamujibu, "Nafurahi kukuona, binti yangu." Bote bakacheka.

Lakini mbali kidogo njia ilikuwa imefungwa, sasa nimerudia kwa dada, nitakuja ku kambi njia ikiwa muzuri. Ulinitoa muzigo. Mungu akupe bwana mwenye akili. Maharagi haijashuka.

Mama yako,
Nyiraneza


Goma, tarehe 19 Machi

Binti Falone,

Umenitumia Darius na maneno makali, kwa mara ya kwanza tangu nikuajiri. Nimempa ulichoomba. Nimekifunga ndani ya soksi zangu za kanisani, nitazihitaji, azirudishe.

Unauliza kwa nini nilizitawanya. Nitakujibu mara moja, usiniulize tena. Vita vilipotufikia nikiwa mdogo, baba yangu alitutuma watoto wanne kwa njia nne. Mmoja kwa shangazi, mmoja na wamisionari, mimi na wachunga ng'ombe, mdogo wetu Carmel na jirani. Tulifika watatu. Hakuna aliyewahi kutukalisha sisi watatu akatuambia tumrudishe wa nne. Isidore aliponieleza kwamba vyuma vyake vinaweza kufanya hivyo, mengine yote aliyosema sikuyasikia. Nilishika hilo.

Kwa habari ya Mama Nyiraneza, bado inawezekana aliyoitupa ni ile mgonjwa. Omba iwe hivyo. Watu wa kambini wasiambiwe chochote. Hilo ni agizo.

Sebarenzi, Mkurugenzi


Walikale, tarehe 24 Machi

Kaka Isidore,

Naomba usikasirike kabla ya kufika mwisho.

Ninakuletea diski tatu, si nne. Ile ya Mama Nyiraneza imepotea mtoni, kwenye barieri ya njia ya Kitshanga. Aliogopa. Hana kosa, tafadhali usimlaumu hata kidogo.

Nimekuja mwenyewe mpaka hapa Walikale kuchukua ya Pasta Jean de Dieu, kwa sababu Pasta alikataa kumkabidhi Darius, akasema Darius hasali. Safari ilinivunja mgongo. Pikipiki ilikwama kwenye tope mara nyingi kiasi kwamba mwishoni nilikuwa nashuka kabla ya kuambiwa. Pasta alinipokea vizuri, akanipa ndizi za kuchoma, kisha akaanza kutafuta diski kwenye nyumba nzima. Ilikuwa chini ya mguu wa kitanda kilichokuwa kinayumba.

"Nilijua ya kwangu haina kazi sana," alisema, "kwa vile nyingine zinatosha."

Nilimshukuru. Kitanda kilianza kuyumba tena tulipoitoa.

Kwa hiyo hizi ndizo: yangu, ya Papa na ya Pasta. Ikiwa iliyozama ni ile yenye taa nyekundu, tumepona. Ikiwa siyo, ile nyekundu iko kati ya hizi tatu, na nimeelewa barua yako, mifuko miwili imebebwa. Nimeziangalia kwa muda mrefu nikitafuta alama. Hakuna. Hata kuzinusa nilizinusa.

Narudi Lushebere kesho. Vijana wawili walikuja kambini kumwuliza mama yangu "yule binti wa kompyuta" analala wapi. Mama aliwaambia nimeolewa Kisangani. Tangu hapo majirani wananipongeza.

Darius atakuletea hizi akiwa amezibeba kifuani, si nyuma ya pikipiki. Nimemwapisha. Soksi ni za Papa, usizitupe.

Falone


Hombo, tarehe 4 Aprili

Dada Falone,

Kaa chini kwanza.

Mama Nyiraneza alitupa ile muzima.

Nitakueleza vile nilifanya, ili kesho usiseme Isidore alikimbiza kazi. Sikugusa diski zenyewe. Kwanza nilitia kopi ya kila moja mu diski kubwa ya kwangu, na ile ilichukua siku nyingi maana jua ya Hombo mu mwezi hii iko kama kibarua muvivu, inakuja saa ine na inaenda mbele ya mushahara. Kisha nikafanyia kazi juu ya kopi. Mashini ikatambua mbili, yako na ya Pasta. Ile ya Papa Sebarenzi ikaikataa. Ikasema huyu haiko wa jamaa, tulimuondoa tangu Janvier. Nilizima yote, nikaenda kunywa chai, nikarudi, ikasema vile vile.

Lakini nilikuambia mara zingine zinakasirika tu. Nilifungua kichwa chake. Ilikuwa vumbi na kutu kidogo ku meno ya kuunganisha. Nikaisafisha na mswaki ya mutoto (amekasirika mpaka sasa). Ikawaka. Sasa iko na akili yake yote, lakini akili ya siku ile iliondolewa. Kila kitu chenye muliandika tangu siku ile, yeye hana habari. Iko kama muntu anatoka gereza: anajua majina ya bote, lakini hajui nani alizaliwa.

Nikailazimisha ikae na wenzake. Njo matokeo, bila sukari: sauti zote za upande wa chini ziko. Zote. Nilisikiliza moja moja. Kuko Papa Evode, yule mwenye alikufa mu njia ya kukimbia, anataja miyenzi yake kama anaita batoto kula. Nilipunguza sauti maana muke wangu alianza kulia na hata hamujue.

Upande wa juu, zile za Janvier na Février, hesabu haikubaliane. Diski mbili zinasema hivi, ya tatu inasema mambo ya zamani. Sauti inatoka kama maji inachemuka mu sufuria. Nilitafuta jina ya mama yako. Nikaikuta. Nikaifungua. Ni yale maji tu, na mu katikati muntu moja anasema "hapa", kisha maji tena. Nilijaribu njia zote ninajua, na zingine sikujua. Nisamehe.

Darius aliniambia juu ya barua ulimwandikia Mama Nyiraneza. Wewe hukuniambia. Sina hasira, dada. Ulimutakia uzima, na yuko muzima. Ile diski ilikuwa ya dola kidogo. Vyenye ilibeba, hiyo ni ingine.

Nakutumia sauti za chini mu kadi ndogo tano, kila kadi iko na zote, kamili. Hizi unaweza kutia mu telefone yoyote. Hii njo kopi. Hii njo nilikuwa nasema tangu mwanzo.

Papa anasema usiwaambie batu. Mimi sina ofisi, siwezi kukuamuru. Lakini siku ya tume itafika na batu ba juu batasimama mikono mitupu, na batakuwa bamesikia kwa mwenye ng'ombe mbele ya kusikia kwako.

Isidore


Lushebere, tarehe 18 Aprili

Kaka Isidore,

Kadi zimefika, na soksi za Papa zimefika. Asante. Mswaki wa mtoto nitamnunulia.

Nimewaambia.

Nilikaa na barua yako bila kumwambia hata mama. Nilipika, nilichota maji, nilisalimia watu wa juu wakiniuliza, "Falone, sauti zetu zinalala vizuri?" na nikawajibu zinalala. Mara ya tatu kujibu hivyo niliona inatosha. Jumapili baada ya ibada nikaomba watu wa Katobo wabaki kwenye hema la kanisa. Nikasema yote, kwa kusimama, bila kumtaja Papa na bila kumtaja Mama Nyiraneza. Nikasema diski moja ilikuwa imekufa na nilijua, na nikaandika kwa mkono wangu kwamba moja ikipotea si kitu, na moja ikapotea.

Mama Nyiraneza, aliyekuwa amefika juzi yake, alisimama mwenyewe.

"Ile iliyopotea niliitupa mimi," akasema. "Na nilipita barieri nikiimba. Munijue."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Watu wamechoka, kaka. Walinitazama kama wanavyotazama mvua inapoingia hemani, wakasogea kidogo tu.

Kisha Papa Habineza akainuka. Humjui. Shamba lake liko mwisho wa upande wa chini, na juu yake linaanza la mama yangu. Akasema kwa sauti ya upole sana kwamba anatuonea huruma, lakini kwa kuwa za juu zimepotea, basi ukweli usemwe: shamba lake linapanda mpaka kwenye chemchemi.

Mama yangu aliinuka. "Mpaka kwenye chemchemi? Habineza, chemchemi iko nyuma ya mihogo yangu!"

"Mama Falone, nani anajua leo mihogo ni ya nani? Ile mashini yenyewe haijui."

Watu wakaanza kunung'unika, na nikaona vile itakavyokuwa mbele ya tume: wa chini wakila wa juu, na mwenye ng'ombe amekaa kando akitabasamu. Nikatia kadi kwenye simu, nikatafuta sauti ya Habineza mwenyewe, ya mwezi wa kumi na mbili. Sikuwa na hakika ya kitakachotoka. Nilikuwa nyuma yake siku ile nikikanyaga matope, sikukumbuka alisema nini.

Ikatoka. Kwanza kikohozi, kisha yeye: "Miyenzi hii njo mwisho. Hapa kwangu inaishia. Ng'ambo ni ya mama Falone, yeye na bwana wake walipalima mbele ya mimi kufika, inapanda mpaka ku chemchemi na kuipita, hata kama mbuzi yake haijui mupaka." Kikohozi tena.

Watu wote wakamgeukia Habineza.

"Sauti ile haiko yangu," Habineza akasema. "Mimi sikohoe."

Na hapo hapo kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akashika mti wa hema, na kila alipotaka kusema kilimrudia, na watu wakacheka, kaka, wakacheka mpaka Pasta Jean de Dieu, aliyerudi akiwa amejaa aibu ya kitanda chake, akajifuta macho. Mwishoni Habineza naye akaketi, akasema, "Basi, basi. Lakini mbuzi nayo iandikwe."

Ndipo nikaelewa kilichokuwa mikononi mwetu. Kila mtu wa chini, alipotembea mpaka wake, alitaja aliye ng'ambo. Tumekaa siku zote hizi tukisikiliza za chini ili kupata za juu. Mama Nyiraneza anashika simu, mimi naandika, na wenye mashamba wanabishana na sauti zao wenyewe. Mashamba yote ya juu yanayogusana na ya chini tumeyapata upande mmoja, mengine pande mbili. La mama limepatikana kwa Habineza na kwa jirani wa kushoto, naye wa chini. Juu ya chemchemi hakuna anayelisemea, isipokuwa yeye mwenyewe.

Zile za mashamba ya juu kabisa, yaliyozungukwa na ya juu pande zote, hazipo. Nisikudanganye. Mama Muhawenimana, mwenye shamba mojawapo la hayo, alisubiri mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi?" Nikamwambia, "Hakuna, Mama." Akachukua bidoni yake ya maji akaondoka. Jioni akanifuata jikoni.

"Wewe unanitafuta mu mashini," akasema. "Mimi niko hapa. Mbona huniulize?"

Jirani yake mmoja amekufa na mwingine anafanya kazi kwa mwenye ng'ombe, kwa hiyo tume inaweza kusema neno lake peke yake halitoshi. Nilimwambia hivyo. Akasema ameelewa, na kwamba niwashe kinasa. Nikawasha. Alitembea shamba lake akiwa ameketi kwenye kigoda, akigusa hewa kwa kidole kila mahali penye miyenzi. Alichukua muda mrefu. Sikumkatiza.

Tume itakaa Jumatano ijayo. Nitakwenda na tulicho nacho, na mama, na Habineza na kikohozi chake, na Mama Muhawenimana. Papa Sebarenzi amesikia kwamba niliasi. Ameniandikia mstari mmoja: "Nitakuwepo." Sijui anakuja kunifukuza au kukaa karibu nami.

Kadi nimezigawa kwa watu, kila moja na sauti zote. Safari hii sikumtuliza mtu. Kila niliyempa nilimwambia: usijali nani mwingine anayo, yako usiitupe. Hata wewe nakuomba, ile kopi yako usiifute ukikosa nafasi ya picha.

Vijana wale wamerudi mara nyingine. Baada ya tume sitalala tena kwenye hema letu. Ukitaka kunipata, usiandike jina langu juu ya barua. Mwambie Darius asimame kwenye kinu cha mihogo, si kwenye barieri, na aulize nani anauza sabuni ya kukatwa. Atakayejibu "iko ya bluu tu" ni mama yangu. Ampe barua aondoke bila kukaa. Asipokuta mtu, asiniulizie. Aende kwa Mama Muhawenimana, hema la mwisho upande wa bomba, aseme ametoka kwa fundi. Yeye atajua nilikokwenda, kwa sababu nimemwambia, na nimewaambia wengine wawili pia, kila mmoja yote.

Dada yako,
F.